Maswali ya Wasomaji: Nani Anamkamata Mwizi wa Samaki Kwenye Barafu?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu kwamba Bahari ya Kusini, ile inayolizunguka bara la barafu la Antaktika, nayo ina wavuvi haramu. Nilidhani msomaji wa Uganda atapita haraka aende kwenye habari za mpira. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja, nyingi kutoka mialoni, na baadhi zina hasira ninayoielewa, maana kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa samaki serikalini, na ubao wa kupimia mputa, yaani sangara, nimeushika mpaka mikono ikanuka. Hizi hapa, pamoja na majibu yangu.

SWALI: Mzee, salamu nyingi. Mimi nakausha na kuuza samaki mwalo wa Kasenyi. Askari wa doria waliuchoma mtumbwi wa mume wangu kwa kuwa ulikuwa wa futi 24 na sheria inataka 28. Hawakuuliza, walimwaga petroli wakawasha. Sasa unatuandikia kwamba kule kwenye barafu kuna meli za chuma zinaiba samaki miaka nenda miaka rudi. Huko nani anamwaga petroli? – Mama muuza samaki, Kasenyi

JIBU: Pole sana, nyabo. Huko hakuna wa kumwaga petroli kwa sababu hakuna mwenye nyumba. Nchi saba zinadai vipande vya Antaktika, lakini Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Washington mwaka 1959, uliyaweka madai hayo kando. Uvuvi wa bahari yake unasimamiwa na tume iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1980, ulioanza kazi 1982. Kifupi chake ni CCAMLR, na makao yake yako Hobart, kisiwani Tasmania, Australia. Nitaiita Tume ya Hobart tusichoshane. Ina wanachama 27. Haina meli yake ya doria wala askari. Inatunga kanuni, kisha kila mwanachama anazisimamia kwa meli zake mwenyewe na mahakama zake mwenyewe.

Hapo ndipo mwizi anapopata mlango. Mbali na pwani, meli iko chini ya sheria ya nchi inayoipa bendera. Kazi ya kwanza ya mwizi, basi, ni kutafuta bendera ya nchi isiyofuatilia meli zake. Akibanwa anashusha hiyo, anapandisha nyingine, anapaka jina jipya ubavuni, safari inaendelea.

Wanachokifuata ni samaki wa kilindini aitwaye tuthifishi. Anaweza kuzidi mita mbili na kilo mia, anaishi hata miaka 50, anachelewa kuzaa, na nyama yake nyeupe yenye mafuta inalipiwa vizuri mno Marekani na Asia hata wavuvi wakamwita dhahabu nyeupe. Msimu wa 1996/97 ilikadiriwa kwamba zaidi ya tani 30,000 ziliibwa, nyingi kuliko zile zilizovuliwa kwa kibali.

Nikupe kisa cha meli moja, Thunder. Iliundwa Norway mwaka 1969, na tangu 2006 jina lake lilikuwa kwenye orodha nyeusi ya Tume. Iliwahi kuitwa Kuko, ikaitwa Typhoon I, ikaitwa na mengine. Bendera yake ya mwisho ilikuwa ya Nigeria. Desemba 2014 wanaharakati wa Sea Shepherd, wakiwa na meli yao Bob Barker, waliikuta ikitumia nyavu za kutega, ambazo ni marufuku kwenye maji hayo. Thunder ikaacha nyavu ikakimbia. Bob Barker ikaiandama siku 110, kutoka kwenye barafu mpaka Atlantiki karibu na ikweta. Meli yao ya pili, Sam Simon, ilibaki nyuma ikivuta nyavu zilizoachwa. Zilikuwa kilomita 72, yaani ukizitandaza barabarani kutoka Kampala zinakaribia Jinja. Machi 2015 Nigeria ikaifuta Thunder kwenye daftari lake. Tarehe 6 Aprili ikazama katika maji ya São Tomé na Príncipe, na wanaharakati waliopanda ndani yake wakati inazama walikuta milango imezuiwa isijifunge, ili maji yapite kwa raha. Walitoka na ramani na kompyuta za meli. Mabaharia 40 waliokolewa wote, na waliowaokoa ni walewale waliokuwa wakiwafukuza.

Mimi sipendi raia wajifanye polisi. Enzi zangu ziwani tulikuwa na vijana waliojipa kazi ya doria, na mwisho wake wakawa wauzaji wakubwa wa nyavu walizowanyang'anya wenzao. Lakini ukweli usemwe: serikali zote hizo zilikuwa na jina la Thunder kwenye karatasi kwa miaka minane, na bado ilikuwa ikiingia bandarini na kutoka. Interpol ilikadiria kwamba katika miaka hiyo iliwaingizia wenyewe zaidi ya dola milioni 60.

Petroli uliyoiuliza ilimwagwa mahali pengine. Machi 2016 Indonesia iliilipua kwa baruti meli nyingine ya wezi wa tuthifishi, Viking, na waziri wao wa uvuvi, Susi Pudjiastuti, alikuwepo kuitazama ikivunjika. Watu wengi walishangilia. Mimi nina mashaka, kwa sababu chuma kikuukuu hununuliwa tena. Kilichowabana kweli ni karatasi. Tangu mwaka 2000 kila tuthifishi anatakiwa asafiri na hati inayosema alivuliwa na meli gani, wapi, kwa kibali kipi, na akashushwa bandari gani. Bila hati hiyo, bandari za nchi wanachama hazitakiwi kumpokea. Wizi haukuisha, ila faida ilipungua, na wengi wakaona heri watafute kazi nyingine.

Sisi tuliokuwa mialoni mwaka 1999 hatuhitaji kuhubiriwa. Watu walikuwa wakivua kwa sumu ya kuulia wadudu. Tulifanya doria usiku na mchana, tukahutubia, tukamwita mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, hakuna kilichobadilika. Soko la Ulaya lilipofungwa, viwanda vikasimama, na ghafla wenye viwanda wakaanza kumuuliza mchuuzi samaki wake katoka wapi, jambo ambalo hawakuwahi kulijali. Leo mitumbwi inachomwa, na anayenunua mputa wa chini ya sentimita 50 usiku hapotezi hata ndoo. Hilo ndilo linaloniudhi, nyabo, hapa na kule.

SWALI: Mzee, mimi ni askari mstaafu, naishi Bombo. Ziwani tulitegemea mafuta ya boti na mtoa habari mmoja mwaminifu. Bahari kubwa kiasi hicho, wezi wanaonekanaje? – Afande wa zamani, Bombo

JIBU: Afande, mtoa habari bado ndiye mkubwa wa kazi, ila huko mmoja wao ana mabawa.

Meli yenye kibali hubeba kifaa kinachotuma mahali ilipo kwa setilaiti, pamoja na mwangalizi anayepima na kuhesabu samaki wanaopandishwa. Kuna pia kifaa kingine cha redio kinachotangaza jina la meli na inakoelekea ili meli zisigongane. Mwizi huzima vyote. Asichoweza kuzima ni rada, maana bila rada atakutana na mlima wa barafu gizani. Watafiti wa Ufaransa walilitumia hilo. Waliwafunga albatrosi 169 vifaa vidogo vinavyonusa mawimbi ya rada, kisha wakawaachia. Ndege huyo anaruka mamia ya kilomita bila kuchoka na anapenda kufuata meli za uvuvi kwa ajili ya mabaki, kwa hiyo anazitafuta mwenyewe bila kutumwa. Matokeo yalichapishwa 2020: zaidi ya robo ya meli zilizogunduliwa zilikuwa zimezima kifaa cha kujitangaza. (Albatrosi ana sababu yake ya kuwachongea. Hunasa kwenye ndoano za kamba ndefu akazama nazo, ndiyo maana kanuni za Tume zinataka kamba zitupwe usiku na meli ipeperushe tepe za kumfukuza.)

Lakini wewe unajua kuona si kukamata. Januari 2020 ndege ya jeshi la New Zealand iliipiga picha meli ya Urusi, Palmer, katika eneo lililofungwa kwa uvuvi. New Zealand ikapeleka ushahidi Hobart iwekwe kwenye orodha nyeusi. Kule mambo huamuliwa kwa kukubaliana wote. Mmoja akitikisa kichwa, limekwama. Urusi ikasema picha hazithibitishi kitu, ikakataa, na Palmer haikuandikwa. Kesi ya wizi wa ng'ombe mtuhumiwa akiwa mzee wa baraza, unajua inavyokwisha.

Kanuni hiyohiyo imekwamisha maeneo mapya ya hifadhi mwaka baada ya mwaka, Urusi na China zikiwa ndizo zinazokataa. Lililopenya ni la Bahari ya Ross: lilikubaliwa Oktoba 2016, likaanza Desemba 2017, kilomita za mraba milioni 1.55, zaidi ya Uganda mara sita. Sehemu kubwa yake hairuhusiwi kuvuliwa kabisa.

SWALI: Mzee, wanafunzi wangu wamenishinda. Nilifundisha kwamba mvuvi haramu wa baharini akikamatwa anafungwa jela. Kijana mmoja akaniletea Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, akasema hafungwi. Nani yuko sahihi? – Mwalimu wa sekondari, Mbale

JIBU: Kijana yuko sahihi, mwalimu, mpe alama zake. Ni kifungu cha 73. Ndani ya maili 200 za baharini kutoka pwani yake, nchi inaweza kuisimamisha meli, kuikagua, kuikamata na kuishtaki. Lakini ikiwekewa dhamana inayofaa, meli na mabaharia lazima waachiliwe upesi, na adhabu ya kosa la uvuvi haiwezi kuwa kifungo isipokuwa nchi husika zimekubaliana hivyo. Wala haiwezi kuwa adhabu ya viboko ya aina yoyote. Mtu wa mwaloni akifika mstari huo atausoma mara mbili. Na Uganda iliuridhia mkataba huo mwaka 1990.

Maili 200 hizo zinahesabiwa pia kuzunguka visiwa vya kusini kama Heard cha Australia na Kerguelen vya Ufaransa, na ndipo kesi nyingi zilipotokea. Mwaka 2002 Australia iliikamata Volga, meli ya Urusi, ikadai dhamana zaidi ya dola milioni 3 za Australia. Urusi ikaenda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg, nayo ikaishusha hadi dola 1,920,000. Mwaka uliofuata Australia ikaifukuza Viarsa 1, yenye bendera ya Uruguay, siku 21, maili 3,900, kwenye mawimbi na barafu, mpaka meli za kutoka Afrika Kusini na Uingereza ziliposaidia kuizingira kusini mwa Atlantiki. Mabaharia wakapelekwa Perth. Mwaka 2005 baraza la mahakama likawaachia huru.

Utaniuliza, mbona nahodha wa Thunder alifungwa São Tomé? Soma mashtaka yake: kughushi hati, kuchafua bahari, uzembe. Yeye na maofisa wawili wa mitambo walipewa kifungo na faini ya zaidi ya euro milioni 15, na hakuna samaki aliyehukumiwa hapo. Mwendesha mashtaka mwerevu hupita mlango ulio wazi.

Kisa kingine ni cha majirani zetu, na kingefaa kuwekwa kwenye mtihani. Meli STS-50, ambayo ilikuwa kwenye orodha nyeusi kwa jina la Andrey Dolgov, ilishikiliwa China mwaka 2017 ikatoroka. Ikashikiliwa Maputo mapema 2018, ikatoroka tena. Wakati huo Tanzania ilikuwa na doria ya pamoja na Sea Shepherd iitwayo Operesheni Jodari, na maofisa wa Tanzania walikuwa ndani ya Ocean Warrior. Wakaifuata. Nchi za mwambao wa Bahari ya Hindi, Kenya, Madagaska, Shelisheli na nyinginezo, zikapeana habari za njia yake kupitia ushirikiano wao uitwao FISH-i Africa, mpaka Aprili jeshi la majini la Indonesia lilipoinasa. Ndani kulikuwa na nyavu zinazofika kilomita 30. Nahodha alipata miezi minne na faini ya rupia milioni 200, fedha ambazo hazifiki dola 15,000. Kwa meli inayoweza kujaza mamilioni kwa safari moja, hiyo ni ada ya maegesho.

Kwa hiyo je, kifungu cha 73 ni kibaya? Mimi nakitetea. Mabaharia wa meli hizi kwa sehemu kubwa ni vijana maskini waliosainishwa karatasi wasiyoielewa, na wa STS-50 waliotoka Indonesia wenyewe walionekana kama watu waliorubuniwa. Kuwafunga hao hakumwondolei usingizi mwenye mali aliye barani. Hispania ndiyo iliyogusa panapouma. Ilibadili sheria yake mwaka 2014 iweze kumwadhibu raia wake popote meli ilipo na kwa bendera yoyote, na 2016 serikali ikawatoza wahusika wa kundi moja la Galicia faini ya euro milioni 17.8. Desemba ya mwaka huo Mahakama yao ya Juu ikasema kesi ya jinai haina pa kusimamia kwa kuwa tendo lilifanyika bahari ya wazi, jela ikawa imepita. Faini ilikuwa njia nyingine, ya kiserikali. Waambie wanafunzi wako watafakari kwa nini njia ya ofisini ilifika mbali kuliko ya mahakamani.

SWALI: Uganda haina bahari. Kuna Mganda yeyote anayehusika na haya, au tunapoteza kurasa? – Mwanafunzi wa chuo, Kampala

JIBU: Yuko, tena unamjua. Jaji Julia Sebutinde, yule wa tume ya mwaka 1999 iliyowatoa jasho wakubwa wa polisi wetu.

Uwindaji wa nyangumi kwa biashara ulisimamishwa na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi kwa uamuzi wa 1982, na tangu 1994 Bahari ya Kusini ni hifadhi yao. Japani iliendelea kuwinda huko kwa kibali cha utafiti. Mpango wake ulilenga nyangumi minke 850 kwa mwaka, pamoja na aina nyingine mbili, 50 kila moja. Mwaka 2010 Australia ikaishtaki kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Hukumu ilitoka 31 Machi 2014: kwa kura 12 dhidi ya 4, vibali vile havikuwa kwa madhumuni ya utafiti wa kisayansi. Sebutinde, aliyekuwa jaji wa mahakama hiyo, alikuwa kati ya wale 12. Katika hoja moja alikuwa mkali kuliko wengi wao: mahakama iliposema, kwa 13 dhidi ya 3, kwamba Japani ilitimiza wajibu wa kuwasilisha vibali vyake vikaguliwe na wenzake, yeye alikuwa mmoja wa watatu waliokataa. Akaandika maoni yake peke yake.

Japani ilirudi na mpango mdogo wa nyangumi 333, kisha 2019 ikajitoa kwenye tume ile na kuacha kuwinda Antaktika, sasa inawinda kwenye maji yake. Kila mtu atapima mwenyewe kama huo ni ushindi. Mimi nasema ni ushindi wa Antaktika.

SWALI: Dubu weupe wakila pengwini wote, nani anakamatwa? – Mtoto wa darasa la tano, Hoima

JIBU: Hakuna, mjukuu wangu, kwa sababu hawajawahi kuonana. Dubu yuko kaskazini, pengwini yuko kusini. Anayeweza kumlaza pengwini njaa ni binadamu anayevua uduvi wake, wale waitwao krili. Kwa eneo kuu la uvuvi huo Tume imeweka kikomo cha tani 620,000, na mwaka 2025 kikomo kilifikiwa mapema, uvuvi ukafungwa kabla ya msimu kwisha. Huko kwa dubu, katikati ya Bahari ya Aktiki, nchi tisa na Umoja wa Ulaya zimekubaliana kutovua kibiashara kwa miaka 16 kuanzia 2021, hata kabla meli haijafika. Nimeupenda mkataba huo.

SWALI: Mzee, napika katika hoteli moja Kampala. Mgeni ameagiza Chilean Sea Bass kwa sherehe, na mwagizaji wetu anasema anamleta kutoka Dubai akiwa amegandishwa. Ndiye huyo uliyemwandika? Nimpike? – Mpishi, Kampala

JIBU: Ndiye tuthifishi. Jina hilo alilibuni mfanyabiashara wa Los Angeles, Lee Lantz, mwaka 1977, ili auzike. Si kila tuthifishi ni wa wizi. Siku hizi wengi wamevuliwa kwa kibali, na wale wa South Georgia wana nembo ya uvuvi endelevu tangu 2004.

Omba hati kabla ya samaki. Iwe na jina la meli, eneo alikovuliwa, uzito na muhuri wa nchi iliyoithibitisha, na kama amepitia nchi nyingine, hati ya kusafirishwa tena. Kisha fungua boksi ulinganishe kilichoandikwa na kilichomo. Mwaka 2015 meli Kunlun ilifika Phuket, Thailand, na tani 182 za tuthifishi zilizoandikwa kwamba ni chewa. Wewe ni mpishi, huwezi kudanganywa kwa nyama ya chewa. Mwagizaji akianza kukuelezea hati iliyosahaulika Dubai, mwambie mgeni wako kwamba leo kuna ngege wa kukaanga.